Hilux mpya, Hilux iliyopo au Land Cruiser 79: injini ipi usubiri na ipi uchukue saivi

Swali linalozunguka kwa wapenda pikapu siku hizi ni moja, hela ipo, nichukue Hilux iliyopo shorumu au nikaze roho nisubiri ile mpya, na kila anayeuliza anakuja na tetesi yake mfukoni, mara Toyota anaua dizeli, mara inakuja haibridi ya petroli kama ya Wamarekani, mara ya umeme inafuta zote, mara haidrojeni. Basi tuzipange zote, zilizopo na zinazosemwa zinakuja, tuzipime kwa matumizi ya huku kwetu. Msimamo wangu nautanguliza ili usome ukijua niko upande gani: injini ya kesho ya Toyota kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki ni ileile ya leo, dizeli 2.8 ya 1GD, kwa hiyo anayesubiri injini mpya atasubiri sana. Cha kuchagua ni 1GD ya aina gani, au mdogo wake 2.4, au uachane na hao wote uende kwenye 4.2 ya kizamani ya Land Cruiser 79.

Nini kimeshatoka na nini bado ni maneno

Novemba 2025 Toyota aliifunua Hilux ya kizazi cha 9 kule Bangkok, Thailand, kwa jina la huko inaitwa Travo. Miaka kadhaa kabla ya hapo maneno yalikuwa kwamba Hilux inahamia kwenye chasisi ya TNGA-F, ile iliyobeba Land Cruiser 300, Prado mpya ya 250 na Tacoma ya Marekani, na ikihamia tu basi na injini za Tacoma zitaifuata. Haikuhamia. Imebaki kwenye familia ya chasisi ya IMV iliyoanza 2004 na Hilux Vigo, tena ukiitazama ubavuni utaona milango na paa ni vya Hilux ya 2015 vilevile, kilichobadilika ni sura ya mbele na ya nyuma, dashibodi nzima, na usukani ambao sasa unasaidiwa na umeme badala ya haidroliki. Fungua boneti, unakutana na 1GD. Australia wamekwenda mbali zaidi, kwenye Hilux mpya wameondoa dizeli ya 2.4 na wameondoa petroli ya 2.7, kwenye injini za mafuta imebaki 2.8 peke yake.

Wapo waliokasirika, wanasema Toyota amepaka rangi gari la zamani akaongeza bei. Hawajakosea sana. Ila kwa mtu ambaye gari likimzimikia atakuwa porini Mpanda au njia ya kwenda Lodwar, hiyo ni habari njema tu, maana spea za 1GD zimeshajaa kuanzia Kariakoo mpaka Grogan ya Nairobi na mafundi wameshaijua inaumwa wapi.

Uvumi wa kwamba GD, yani hizi dizeli za 1GD na 2GD, inakufa nao ulikuwa na chanzo chake. Mwisho wa Januari 2024 Toyota alisimamisha kusafirisha magari ya dizeli ya 1GD, 2GD na ile V6 ya Land Cruiser 300, baada ya kugundulika kwamba kampuni dada inayotengeneza injini hizo, Toyota Industries, ilipima hosipawa kwenye majaribio ya cheti kwa kutumia kontroo boksi (kompyuta ya injini) yenye programu tofauti na ile inayowekwa kwenye magari ya kuuza, ili namba zitoke zimenyooka. Magari kumi ya aina tofauti yaliguswa duniani, Hilux, Fortuner, Prado na Hiace zikiwemo. Watu wakasema basi, ndo mwisho wa dizeli. Baada ya wiki chache magari yakaanza kutoka tena, Toyota akasema amepima upya na injini zinazouzwa zinafikia viwango, na mwaka uliofuata akaichukua 1GD hiyohiyo akaifanya uti wa mgongo wa Hilux mpya. Kampuni haifanyi hivyo kwa injini inayotaka kuizika.

2.4 na 2.8

Namba kwanza, harakaharaka, alafu tuongee:

2.4 ya 2GD: hosipawa 150, nguvu ya kuvuta hadi Nm 400.
2.8 ya 1GD kabla ya 2020: hosipawa 177, Nm 450 kwa oto na 420 kwa manyuo.
2.8 kuanzia 2020: hosipawa 204, Nm 500 kwa oto, manyuo ikabaki palepale 420.

Hiyo mistari miwili ya mwisho ndo watu wanairuka. Ukinunua 2.8 ya manyuo ukidhani umepata zile Nm 500 za kwenye tangazo, hujapata, umepata 420, yani umeizidi 2.4 kwa 20 tu kwenye kuvuta. Kwa hiyo 2.8 ya manyuo mi naiona haina sababu kwa mtu wa kawaida, unalipa bei ya mkubwa unapata nguvu ya mdogo, labda kama unataka zile hosipawa za juu ukiwa barabara kuu unapita malori. Ukitaka 2.8 chukua oto, ukitaka manyuo chukua 2.4, ndo ilivyo kwangu.

Matumizi sasa. Singo kabini ya kubeba saruji, nyanya, kreti za soda, kuzungusha mzigo ndani ya mkoa, hapo 2.4 inatosha na inabaki. Tani moja nyuma ukipanda Kitonga utashuka gia mbili, utapanda taratibu nyuma ya semi-trela kama wengine wote, maana pale hata ungekuwa na V8 hupiti. Dabo kabini ya bosi wa mradi anayetoka Dar kwenda Mbeya na kurudi wiki hiyohiyo akiwa na watu wanne na mabegi, hapo 2.8 ya oto inalipa, sio kwa ajili ya mbio, ila kule kuovateki unakomaliza haraka ukarudi upande wako. Anayevuta trela la boti au la ng'ombe asijadili, 2.8, ina ruhusa ya kuvuta hadi tani 3.5. Tofauti ya mafuta kati ya hizi mbili ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ukiibebesha 2.4 kila siku kupita kiasi itakunywa sawa na 2.8 au zaidi, kwa hiyo usiichague 2.4 kwa ajili ya mafuta, ichague kwa ajili ya bei ya kununua.

Zote mbili zinatumia cheni ya taimingi, sio mkanda, na hilo tu limewapunguzia watu gharama ukilinganisha na Vigo.

Ile haibridi ya 48V (volti 48)

Hapa ndo penye mabishano, na ndo kitu pekee cha injini ambacho mnunuzi wa Hilux mpya atakutana nacho kweli. Wanaiita haibridi lakini usije ukadhani ni kama Prius au Aqua, hii gari haitembei kwa umeme hata mita moja. Ni 1GD ileile, ila alteneta imetolewa ikawekwa mota ndogo ambayo ni jenereta pia, imefungwa kwenye mkanda wa mbele ya injini, na betri ya volti 48 imefichwa chini ya kiti cha nyuma. Ukifunga breki au ukiachia mafuta mota inachaji betri, ukikanyaga inasukuma injini kwa kama kilowati 12 na Nm 65 ili gari liondoke bila kuvuta pumzi. Injini ikiwa sailensa, yani inaunguruma gari limesimama, inashuka mpaka mizunguko 600 kwa dakika badala ya 720 za zamani, na kwenye foleni inazima yenyewe inawaka yenyewe. Toyota wa Ulaya anasema unaokoa mafuta kama asilimia 5.

Asilimia 5 maana yake ni nini? Ukichoma lita 200 kwa mwezi unaokoa lita 10. Sio bure, ila piga na bei ya kununua iliyoongezeka uone itachukua miaka mingapi kurudi. Faida ambayo walioiendesha wanaisifia ni ulaini, gari linaondoka kimya na halitikisiki kwenye taa. Hofu yangu iko kwingine, ni ule mkanda. Kwenye Hilux ya kawaida mkanda ukikatika unapoteza chaji na pampu ya maji inasimama, kwa hiyo unazima kabla injini haijachemka, ila mkanda mwingine unaupata duka la karibu. Kwenye hii mkanda umeongezewa kazi, pamoja na kuchaji unasukuma injini, na vikaza mkanda vyake ni vya peke yake, sasa jiulize kama vipo Songea. Kwenye maji wasiogope, Toyota aliipandisha mota juu na akaitangaza kwa kina kilekile cha milimita 700.

Kwa hiyo: unaishi mjini, foleni asubuhi na jioni, gereji ya muuzaji rasmi iko karibu, chukua 48V utaifurahia. Unaishi mbali na lami, chukua 2.8 ya kawaida kama bado ipo. Kuna nchi zitaletewa zote mbili, kuna zitakazoletewa moja, uliza kabla hujatoa kishika nafasi.

Kichujio cha masizi, hapa sikia vizuri

Hili ni kubwa kuliko 48V na watu hawaliulizi. Injini za GD zilizotengenezwa kwa masoko yenye sheria kali za moshi zina kichujio kwenye ekzosi, wanakiita DPF, kazi yake kukamata masizi yasitoke hewani. Yakijaa, kontroo boksi inaamuru mafuta ya ziada yanyunyiziwe kwenye ekzosi ili joto lipande mpaka kama nyuzi 600 masizi yaungue. Ili hilo lifanyike gari linatakiwa litembee mwendo wa maana kwa muda. Sasa chukua Hilux ya bosi inayotoka Tegeta kwenda Posta kila siku, saa nzima kwenye gia ya kwanza na ya pili, anafika anazima. Kichujio kinaanza kuchoma, gari linazimwa katikati, kesho linaanza tena, linazimwa tena. Baada ya miezi taa inawaka, moshi mweupe mzito unatoka nyuma mpaka bodaboda wanasimama wanakuangalia, nguvu inakata gari linatambaa.

Sio hadithi za gereji. Australia wamiliki waliishtaki Toyota, na 2022 Mahakama ya Shirikisho ikasema kweli magari zaidi ya 260,000 ya Hilux, Fortuner na Prado yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 yalikuwa na kasoro kwenye mfumo huo. Kesi ikapanda mpaka mahakama ya juu kabisa kwa ajili ya fidia. Njiani humo Toyota aliweka kitufe cha kuchoma kwa mkono, unasimamisha gari mahali pa wazi unabonyeza, linajichoma lenyewe, na 2020 akaja na marekebisho ya kudumu.

Kwetu inahusu vipi? Kwanza sio kila Hilux ya huku ina kichujio, nyingi zilizoletwa mpya na wauzaji rasmi hazina. Lakini wanaoagiza zilizotumika kutoka Japan wawe macho, Hilux ilirudi kuuzwa Japan 2017 ikiwa na 2.4, na hizo zina kichujio pamoja na tangi la urea, ile AdBlue, ikiisha gari litakugomea kuwaka. Za kutoka Uingereza na Australia vilevile zina vichujio. Kenya hawaruhusu gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo zilizotumika zinazoingia ni za karibuni kama hizi, Tanzania gari kuukuu unaruhusiwa ila ushuru wa uchakavu unakungoja bandarini.

Na dizeli. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilishusha salfa mpaka sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, ni hatua kubwa, ila injini za kiwango cha moshi cha Euro 5 na kuendelea zinategemea 10. Juu ya hapo kuna wachakachuaji, wanaochanganya dizeli na mafuta ya taa, biashara iliyokuwa kubwa kiasi kwamba Kenya 2018 ilibidi waiwekee mafuta ya taa tozo yake ya kuzuia uchakachuaji, na Tanzania mamlaka ya nishati na maji, EWURA, walianzisha 2010 uwekaji wa vinasaba kwenye mafuta, alama ya kutambua yaliyochakachuliwa. Nozeli za GD ni za presha kubwa mno, zikionja mafuta ya taa au maji haziombi msamaha. Weka mafuta kituo kimoja unachokiamini, toa maji kwenye filta, na filta yenyewe nunua orijino, hapa usibane hela.

Vigo ya mkononi, kama bajeti haifiki

Wengi hela haifiki GD, macho yako kwenye Vigo ya D-4D, 3.0 ya 1KD au 2.5 ya 2KD. Ni gari nzuri bado, na 2KD hasa ni ngumu kufa ukiihudumia. 1KD ina ugonjwa wake ambao fundi yeyote wa dizeli atakutajia ukimuuliza: zile washa, yani ringi za shaba chini ya nozeli, zinachoka, moshi wa mwako unapenya juu unaingia kwenye oili, oili inageuka uji mweusi, masizi yanakwenda kuziba ile chekecheke ya pampu ya oili kule chini kwenye sampo, presha inashuka, injini inanoki. Unakuta mtu anasema gari ilikuwa nzima kabisa, ikazima tu. Haikuzima tu.

Kwa hiyo ukienda kuangalia Vigo ya 3.0, mwambie mwenye gari usiku wa kuamkia hapo asiiwashe, ufike uiwashe ikiwa baridi. Sikiliza kama inagonga kama vigae vinavyogongana, alafu inatulia baada ya kupata joto. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inawaka, ukiona moshi unapumua kwa nguvu tembea zako. Uliza nozeli na washa zake zilibadilishwa lini na mkanda wa taimingi lini, mkanda huo unabadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000, akikujibu kwa kicheko basi panga hela hiyo kwenye bei. Ukilinganisha Vigo ya 3.0 isiyo na historia na GD ya 2.4 yenye historia, hata kama GD imezidi bei, chukua GD.

Land Cruiser 79

Sasa huyu ni mnyama mwingine, na hapa ndo Toyota amefanya jambo la kustaajabisha kuliko kwenye Hilux. Kwa miaka pikapu ya 79 ilikuwa na injini mbili za dizeli zenye heshima, 4.2 ya 1HZ isiyo na tabo, na V8 ya 4.5 yenye tabo. Mwaka 2023 akaingiza 2.8 ya Hilux na gia boksi ya oto ya gia sita. Watu wa Australia walilia, injini ya mitungi minne kwenye Land Cruiser ni matusi. Alafu wakaangalia namba: V8 hosipawa 205 na Nm 430, hii ndogo hosipawa 204 na Nm 500. Imevuta zaidi kwa mafuta machache, na mbele imepungua uzito. V8 huko imeshaagwa.

Ila kwetu mashindano sio V8 na 2.8. V8 huku ilikuwa ya wakubwa. Mashindano ni 1HZ na 2.8, na hapa namba zitakudanganya. 1HZ ina hosipawa kama 130 na Nm 285 tu, kwenye karatasi imepigwa na 2.4 ya Hilux. Mlima mdogo ukiwa na mzigo unaisikia inalalamika. Lakini pampu yake ya dizeli ni ya mitambo, haihitaji kontroo boksi kuiambia inyunyize lini, haina tabo ya kuchoka, haina kichujio, inameza dizeli ya mapipa iliyokaa juani Walikale, Kongo, na inaendelea. Injini imekuwepo tangu 1990, fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaishusha na kuipandisha kwa spana za kawaida. Ndo maana mashirika ya misaada Kongo na Sudan Kusini, polisi, hifadhi za wanyama, wote wamekuwa nayo, na 79 zenyewe zinaunganishwa hapohapo Mombasa kwenye kiwanda cha AVA.

Nikipewa nichague kwa kampuni ya utalii yenye gereji yake Arusha na mafundi wenye mashine ya kusoma kompyuta, nitachukua 79 ya 2.8, madereva hawatachoka sana, mafuta yatapungua, na kupanda Ngorongoro itakuwa raha. Kwa mgodi mdogo, mradi wa maji vijijini, au mtu wa Kongo ambaye gereji ya maana iko safari ya siku mbili, 1HZ mpaka atakapoacha kuitengeneza. Na tetesi za kwamba ataacha karibuni zimekuwepo tangu Vigo haijazaliwa, usinunue kwa presha ya hizo.

Mtu binafsi anayetaka 79 kwa ajili ya sifa mjini, ndugu yangu, ile gari inaruka kama ndama ukiwa huna mzigo, chukua Hilux ukae na mgongo wako.

Umeme na haidrojeni

Hilux ya umeme ipo kweli, sio mchoro. Walianza kwa kuionyesha Desemba 2022 Thailand, baadaye wakazijaribu Pattaya kama songthaew, zile daladala za pikapu za kwao, na kwenye kizazi cha 9 imeingia rasmi: betri ya kilowati-saa 59.2, mota mbele na nyuma kwa hiyo inavuta magurudumu yote, hosipawa 196. Sasa weka pembeni ya 2.8. Umbali wa chaji moja ni kama kilomita 240 kwa vipimo vya Ulaya. Mzigo kama kilo 715, dizeli inabeba tani. Kuvuta trela kilo 1,600, dizeli 3,500. Dar mpaka Morogoro ni karibu kilomita 190, kwa hiyo ukiwa mtupu unafika, ukiwa na mzigo na AC na kijana anakanyaga, utafika Chalinze ukianza kuangalia geji kuliko barabara.

Wa kwanza kununua hii Afrika Mashariki, na hii ni kubashiri kwangu, watakuwa migodi ya chini ya ardhi na hoteli za mbugani. Mgodini gari halitoki mbali, na kila gari la dizeli chini kule linahitaji hewa isukumwe kwa mafeni makubwa ya gharama, ndo maana kampuni ya migodi ya BHP Australia walishajaribu Land Cruiser 70 ya umeme kwenye migodi yao tangu 2021. Mbugani nako Kenya na Tanzania zimeshakuwepo Land Cruiser za utalii zilizotolewa dizeli zikawekwa betri, wanachaji kwa sola, simba hashtuki. Wewe wa mizigo ya sokoni, bado.

Haidrojeni nitaipita haraka. Walitengeneza za majaribio 10 Uingereza kwenye kiwanda chao cha Burnaston, matangi matatu, mitambo ya Mirai (gari dogo la haidrojeni la Toyota), zaidi ya kilomita 600 kwa kujaza mara moja, na wanasema ya kuuza itaanza 2028 kwa Ulaya na Australia. Kituo cha kujaza haidrojeni Singida nani atajenga? Twende mbele.

Petroli haibridi, tetesi tamu kuliko zote

Hii ndo inayowatoa watu usingizi. Tacoma ya Marekani ina petroli 2.4 ya tabo pamoja na mota, hosipawa 326 na Nm 630, na watu wanauliza kwa nini Hilux isipewe. Jibu la sasa ni chasisi, Tacoma iko TNGA-F na Hilux haiko. Lakini Mei 2024 Toyota alitangaza injini mpya fupifupi za petroli, 1.5 na 2.0 ya tabo, zilizochorwa tangu mwanzo zikae na mota za umeme, na ile 2.0 aliilinganisha mwenyewe na hiyo 2.4 ya tabo, kwamba ni ndogo kwa umbo na ina nguvu zaidi. Mi nabashiri kama Hilux itapata haibridi ya kweli basi ni kwa 2.0 hiyo, na sio kabla ya kizazi kinachofuata. Presha ipo, Ford ameshatoa Ranger ya kuchomeka kwenye umeme anaitengeneza Silverton Afrika Kusini, BYD wa China ana pikapu ya Shark, Isuzu ana D-Max ya umeme. Ila kumbuka na upande wa pili, Marekani V6 ya tabo mbili ya Tundra, pikapu kubwa ya Toyota, iliitwa irudi kwa wauzaji 2024, magari kama laki moja, kwa sababu ya vyuma vya mabaki vilivyobaki ndani ya injini. Injini mpya ya Toyota nayo inaweza kuzaliwa na homa.

Na petroli ya kawaida wala haijafa. Oktoba 2025 alipoonyesha Land Cruiser FJ, ile ndogo, ndani aliweka 2.7 ya 2TR, hosipawa 163, injini ya enzi za Vigo. Ndugu zetu wa Oman na Ghuba wanaijua vizuri, Hilux zao nyingi ni petroli. Ukitaka kuleta ya huko kumbuka usukani uko kushoto, Kongo, Rwanda na Burundi utakuwa nyumbani, Kenya, Uganda na Tanzania utajitafutia kesi.

Kuna moja naitamani kuliko hizo zote na haijadiliwi, Hilux Champ, ilitoka Thailand Novemba 2023. Pikapu rahisi kupita kiasi, kitanda cha bapa chenye matundu ya boliti tayari unafunga unachotaka, boksi la friji, tenki la maji, kibanda cha chipsi, na injini za kuchagua ni petroli 2.0 au 2.7 au dizeli 2.4 ileile. Kama Toyota ana akili ataishusha Mombasa na Dar kwa bei ya kueleweka, na hapo singo kabini ya kawaida itapata shida.

Mpaka hapo basi, kama gari yako ya sasa inatembea na huna presha, subiri Hilux mpya ifike, iache imalize mwaka mmoja mikononi mwa wenye hela za haraka, alafu kachukue 2.8 ya oto, ukiwa mjini ya 48V, ukiwa shamba isiyo na 48V kama wanayo. Na ukiwa na presha, nenda shorumu saivi kaulizie 2.4 za bodi ya zamani walizobakiza stoo, ombea punguzo bila aibu, na kabla hujasaini inama chini ya gari na tochi uangalie ekzosi kama ina kile kichujio au haina, usikubali jibu la mdomo la muuzaji.